Sura ya Nane: Pini kwenye Picha ya Akeyo

Inspekta Kiplangat alianza na gurudumu la mbele la kushoto, kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa bado zima.

"Inchi ishirini na nane," alisema, na Konstebo Kipketer akaandika.

"Nati ya fimbo ya usukani. Inchi moja kasoro nukta. Andika inchi moja."

"Inchi moja, afande."

"Tundu la pini kwenye nati. Sehemu ya nane ya inchi."

Gari lilikuwa limelala nyuma ya kituo cha polisi cha Nakuru, chini ya turubai, na hii ilikuwa wiki ya sita. Lilikuwa gari la mashindano la zamani, la buluu, lililoundwa Ulaya mwaka wa 1924, likashinda mbio huko kabla ya nusu ya makonstebo wa kituo hiki kuzaliwa. Mlowezi mmoja wa Kizungu wa eneo la Bahati, aliyeitwa Bwana Pelham, alilinunua, akalileta kwa meli na kwa treni, akalifungulia gereji yake mwenyewe pembeni mwa mji. Jumamosi ya kwanza ya Februari, mwaka huu wa 1956, aliliendesha katika mashindano nje ya mji, upande wa Lanet. Kwenye kona ya tatu usukani ulizunguka mikononi mwake lakini magurudumu hayakufuata. Gari likaparamia ukingo wa mawe. Bwana Pelham alikata roho kabla hajafikishwa hospitali.

Kilichosababisha kilijulikana siku ile ile. Katika magari ya namna hii fimbo ya usukani hupita nje, ubavuni, nayo hushikwa mwisho wake kwa nati. Nati hupitishiwa pini, yaani kipande cha waya mnene chenye kichwa cha mviringo na miguu miwili inayokunjwa, isije ikafunguka kwa mtikisiko. Nati ya Bwana Pelham ilikuwa imefunguka ikaanguka njiani, ikaokotwa baadaye. Pini haikuonekana kwenye gari. Ilionekana mfukoni mwa Ngigi, mmoja wa mafundi wake wawili, ambaye watu kadhaa walimwona akikimbia kando ya barabara ya mashindano dakika chache kabla ya ajali.

Ngigi alikuwa Mkikuyu, na nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa kwa ajili ya vita vya Mau Mau; kila Mkikuyu alishukiwa. Hakuna aliyejisumbua kumuuliza maswali mengi. Alishtakiwa kwa mauaji. Yeye alisema aliikuta pini juu ya meza ya kazi baada ya gari kutolewa, akaikamata na kukimbia nayo ili alisimamishe gari. Fundi mwenzake, Obura, aliapa kwamba pini ile aliitia kwa mkono wake mwenyewe siku ya Ijumaa. Kama Obura alisema kweli, basi Ngigi aliichomoa, na shingo yake ilikuwa kitanzini.

Sasa kulikuwa na picha pia. Mkubwa wa Kiplangat, Supritendi wa Kizungu, alikuwa amesikia kwamba gari lile lilichorwa kwa rangi na fundi wa picha anayechora kwa vipimo, na kwamba picha ilimalizika Ijumaa ile ile na ndani yake pini inaonekana wazi mahali pake.

"Niletee kabla ya Jumatatu," alikuwa amesema. "Iende mahakamani pamoja na vielelezo vingine. Kesi imekwisha."

Kiplangat hakubisha. Ila alichukua rula ya chuma, akamchukua na Kipketer, akaja nyuma ya kituo kulipima gari asubuhi nzima.

"Afande," Kipketer aliuliza alipokuwa akifunga daftari, "si tungechukua tu hiyo picha?"

"Shahidi akisema alikuwa Gilgil, unafanya nini?"

"Nauliza watu wa Gilgil."

"Basi. Hii picha ni shahidi. Nami nimeuliza watu wake." Alilipiga gari kofi dogo kwenye bati lake lililokunjika, akarudisha turubai.

Walipopita mbele ya kituo, Mugure, mke wa Ngigi, alikuwa ameketi chini ya ua wa seng'enge kama kila siku, sufuria yake ya githeri, mahindi na maharagwe, imefunikwa kitambaa. Hakusimama wala hakusalimu. Alimtazama tu Kiplangat mpaka akaingia ndani.

*

Fundi wa picha alikaa mtaa wa Bondeni, na jina lake lilikuwa Akeyo. Marehemu mumewe alikuwa akiandika namba na majina kwenye mabehewa ya reli, akamfundisha mkewe kushika brashi, kuvuta mstari usiotetemeka, na zaidi ya yote kupima. Alipofariki, Akeyo aliendelea kuandika vibao vya maduka. Siku moja Bwana Pelham aliona kibao alichochora baiskeli, akashuka garini, akazihesabu spoki. Zilikuwa kamili. Tangu siku hiyo alimpa kazi ya kuchora magari yake ya kale, moja baada ya jingine, inchi mbili za picha kwa kila futi ya gari, na wageni walikuja kutoka Nairobi kuzitazama.

Akeyo alikuwa pia mama mzazi wa Obura. Supritendi alilijua hilo. Hakuona kwamba lina uzito wowote.

Kiplangat alimkuta uani, chini ya kipaa cha mabati, akiandika KINYOZI kwenye ubao. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa miwani ya duara iliyofungwa uzi nyuma. Hewa ilinuka tapentaini. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kupeperusha lile vumbi jeupe la magadi, naye alikuwa ametundika gunia upande mmoja lisishike rangi mbichi.

"Hodi, mama."

"Karibu, afande. Umekuja kuchukua gari."

"Nimekuja kulitazama kwanza."

Alimaliza herufi aliyokuwa akiiandika, akafuta brashi, akaingia ndani. Alitoka na picha imefungwa shuka, akaiegemeza ukutani, akaifunua.

Kiplangat alikuwa ameliona gari lile likiwa chuma kilichosagika tu. Sasa alilitazama likiwa zima. Lilisimama juu ya kitambaa cha picha futi mbili kutoka pua hadi mkia, buluu ya bahari kuu, kamba za ngozi juu ya boneti, namba nyeupe ubavuni, na kila ribiti ya kuungia bati imekaa kwenye mstari wake. Hata mkwaruzo mdogo chini ya mlango wa mafuta ulikuwapo. Ungedhani ukiligusa utapata baridi ya chuma.

"Ulikaa nayo muda gani?"

"Wiki tano. Mbili za kupima, tatu za rangi."

"Wiki mbili za kupima?"

"Kama hujapima utachora gari lolote tu, si hili." Alisema bila majivuno, kama mtu anayeeleza jinsi ya kusonga ugali.

Kiplangat alitoa bikari mfukoni na daftari la Kipketer, akapiga goti. Alipima gurudumu kwenye picha, akazidisha mara sita. Inchi ishirini na nane. Alipima umbali kati ya ekseli na ekseli, upana wa kioo cha upepo, urefu wa breki ya mkono. Akeyo alisimama nyuma yake akiwa amekunja mikono. Kila kitu kilikubaliana. Ribiti za boneti alizihesabu kwa ncha ya penseli, akapata sabini na nne. Daftari pia lilisema sabini na nne.

Alihamia kwenye fimbo ya usukani. Unene wake ulikuwa sawa, na nati pia ilikuwa sawa.

Kisha akapima pini. Akapima tena. Kutoka mfuko wa shati alitoa bahasha ndogo ya kahawia, akamwaga kiganjani ile pini iliyotolewa mfukoni mwa Ngigi, akailaza kwenye rula.

Kisha akainua macho ukutani.

"Mama, hapa ukutani kwako naona picha ya kamera ya gari hili."

"Bwana Pelham alinipa. Ya zamani, liliposhinda mbio huko kwao."

"Ulichora kutoka hapo?"

"Hapana. Hiyo ni ya upande wa kulia. Mimi nimechora kushoto. Usukani hauonekani hapo."

Kiplangat alikwenda akaitazama. Ni kweli, ulikuwa upande wa kulia. Alikuwa ametumaini kidogo kwamba pini ilinakiliwa kutoka huko, kwa makosa, na kwamba kila mtu angeweza kwenda nyumbani. Tumaini lile likaisha hapo.

"Basi hii pini uliiona kwa macho yako."

"Niliiona."

"Lini?"

"Ijumaa. Usukani walikuwa wameufungua kuusafisha, kwa hivyo sehemu hiyo niliiacha mwisho. Ijumaa wakarudisha. Nikaenda, nikapima, nikaja nikamaliza."

"Na pini uliipima?"

"Ninapima kila kitu."

"Mama, nimepima vitu thelathini na kimoja kwenye picha yako. Hakuna hata kimoja kilichokosea zaidi ya upana wa unywele. Hii pini miguu yake ni minene mara mbili ya inavyopaswa kuwa." Alimwonyesha bikari, kisha pini halisi. "Ukiitengeneza ya chuma kama ulivyoichora, haiingii katika tundu la nati. Itagoma."

Akeyo alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanga.

"Mimi ni mtu mzima. Mkono unatetemeka siku nyingine."

"Ribiti sabini na nne, mama. Mkono haukutetemeka hata kwenye moja."

"Siku hiyo ulitetemeka."

"Naomba daftari lako la vipimo."

"Liliungua."

"Liliungua wapi?"

"Jikoni. Nilikuwa nawasha moto, nikachukua karatasi bila kutazama."

Kiplangat aligeuka taratibu kukitazama kile kibanda. Rangi zilipangwa kwa mikebe, kila mkebe una doa la rangi yake juu ya kifuniko. Brashi zilining'inia kwa ukubwa. Vipande vya kitambaa vilikunjwa vikawa mraba. Kwenye rafu ya juu madaftari ya shule yalisimama kwa safu, na kila moja lina karatasi iliyobandikwa mgongoni: *Baiskeli. Duka la Patel. Gari jekundu. Gari la kijani.* Baada ya gari la kijani kulikuwa na nafasi ya upana wa kidole, na madaftari ya kando yalikuwa yameanza kuinamia pale.

"Mtu aliyepanga rafu hii hawashi moto kwa daftari," alisema.

Mbali kidogo treni ya mizigo ilipiga honi ikiingia stesheni, nao wote wawili wakangoja ipite kana kwamba ilikuwa na neno la kusema.

"Una watoto, afande?"

"Watatu."

"Mimi nilizaa watano. Amebaki huyu mmoja."

"Najua, mama."

"Hujui." Sauti yake haikupanda. "Wewe ni Mkipsigis, mimi ni Mjaluo, na yule mliyemfungia huko ni Mkikuyu. Wazungu wameshaamua. Hiyo picha ukiibeba vile ilivyo, nani atakuuliza? Hakuna. Utapandishwa cheo. Kwa nini unapigapiga magoti uani kwangu?"

Hilo lilimgusa Kiplangat mahali alipokuwa hataki paguswe. Alirudisha pini ndani ya bahasha kabla ya kujibu.

"Ngigi alipokamatwa, mimi ndiye niliyeandika maelezo yake. Alinieleza kila kitu. Pini juu ya meza, akaikamata, akakimbia, akapunga mkono, hawakumwona. Nikaandika yote. Halafu chini yake nikaandika: *Haaminiki.* Ilikuwa saa nane mchana na nilikuwa sijala. Nililiandika hilo neno nikaenda kula."

Akeyo alimtazama kwa mara ya kwanza sawasawa.

"Na kesi inasimamia neno hilo," Kiplangat alisema. "Hilo, na kiapo cha mwanao, na pini yako. Mkewe anakaa pale seng'engeni na sufuria. Ana watoto wawili. Ngigi akinyongwa, mama, hatanyongwa na Wazungu peke yao."

Mwanamke yule alivaa miwani yake tena. Kisha akapanda juu ya kigoda, akapitisha mkono nyuma ya mikebe kwenye rafu ya juu kabisa, akashuka na daftari. Mgongoni lilikuwa limeandikwa *Gari la buluu.* Hakulitoa mara moja. Alilifungua mwenyewe mpaka ukurasa wa mwisho, akalisoma kimoyomoyo kama mtu anayehakikisha bado linasema lilichosema, ndipo akampa.

Mwandiko ulikuwa mdogo na ulionyooka. *Ijumaa. Fimbo ya usukani, unene. Urefu. Nati, inchi 1. Tundu la pini, sehemu ya 8.* Na mstari wa mwisho: *Pini: bado.*

"Niliona tundu liko wazi," Akeyo alisema. "Nikamuuliza Obura, pini je? Akasema, nitaitia, mama, iko hapa mezani. Kwa hivyo nikaandika bado. Nikaja nyumbani nikachora nati na tundu lake, nikaacha nafasi. Nilitaka nirudi Jumamosi asubuhi niipime ikiwa mahali pake, kabla hawajaondoka. Sikurudi."

"Kwa nini?"

"Alhamisi tulikuwa tumemzika mtoto wake. Binti. Miezi minne. Kichomi kilimshika Jumatatu, Jumatano hakuwapo." Aliketi kwenye kigoda. "Alhamisi tumezika, Ijumaa ameitwa kazini kwa sababu kesho yake kuna mashindano. Nami nikaitwa kwa sababu Bwana alitaka picha yake imalizike. Tulikwenda wote wawili kwa miguu, hatukusemezana. Jumamosi asubuhi nilishindwa kuinuka. Nilisema, pini ni kitu kidogo, nitaichora wakati wowote."

"Ukaichora lini?"

"Jumapili. Baada ya kusikia Bwana amekufa, na Obura amekwisha kuapa." Aliitazama picha. "Sikuwa na kipimo chake. Nilijaribu kukumbuka pini za magari mengine. Nilijua imekuwa kubwa. Usiku ule ule nilijua. Lakini ningeifanya ndogo kutoka wapi? Sijawahi kuiona."

Aliinua kisu chembamba cha kukwangulia rangi kilichokuwa juu ya meza, akanyoosha mkono kuelekea kwenye kitambaa. Kiplangat alimshika kifundo cha mkono, polepole.

"Usiiguse, mama. Inabidi waione hivyo hivyo."

"Ni uongo. Wanaona uongo wangu mahakamani."

"Ndiyo."

Alikiachia kisu.

*

Obura alifika saa kumi na moja na nusu, akiwa na nguo za kazi, mikono imeoshwa kwa parafini. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mrefu kama mama yake, ila alitembea ameinama kama anayepita chini ya waya. Aliona picha imefunuliwa, akaona daftari kwenye goti la afisa, akasimama pale mlangoni mwa ua.

"Mama amekwambia."

"Picha ilinieleza kwanza," Kiplangat alisema. "Njoo ukae."

"Sitaki kukaa. Nikikaa sitainuka." Aliegemea nguzo ya kipaa. "Nimengoja mtu aje tangu siku ile. Kila siku nikitoka kazini nasema labda leo."

"Ungekuja mwenyewe."

"Ningekuja. Nilifika mpaka kwenye kona ya kituo mara mbili. Namwona Mugure pale na sufuria yake, miguu inarudi."

"Niambie ilivyokuwa Ijumaa. Polepole. Hatuna haraka."

Obura alitazama mikono yake.

"Nilikaza nati. Pini ilikuwa mezani, nilikwisha kuinyoosha. Nikageuka niichukue. Wakati huo mke wa Bwana akaingia na rafiki yake kuonyeshana gari, na yule rafiki alikuwa na mtoto mchanga mikononi. Mtoto akalia." Alinyamaza, akaanza tena. "Ni kulia tu kwa njaa. Si kitu. Lakini nilitoka nje. Nilikwenda mpaka nyuma, kwenye tangi la maji, nikafungua bomba nisisikie. Sijui nilikaa kiasi gani. Niliporudi walikuwa wamekwisha kwenda, na nati nikaiona imekaa vizuri, nikafunika gari. Nilidhani nimemaliza. Nakuapia, afande, nilidhani nimemaliza."

"Na Jumamosi ulipoulizwa?"

"Nilisema nimeitia. Niliamini hivyo. Halafu wakamleta Ngigi, wakamtoa pini mfukoni, nikaitambua. Ilikuwa na alama ya koleo langu, nikakumbuka nimeiacha mezani." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Neno lilikuwa limeshatoka. Wakaniletea Biblia, nikalirudia. Nikijua sasa. Mara ya kwanza sikujua. Ya pili nilijua."

Mama yake alikuwa ameufunika mdomo kwa kanga.

"Kila siku tulikula pamoja na Ngigi," Obura alisema. "Siku ya mazishi yeye ndiye aliyechimba. Mimi sikuweza. Alinipokonya jembe, akachimba yeye."

Jirani alikuwa akipasua kuni, na kila pigo lilisikika mara mbili, mara moja lenyewe na mara moja likirudi kutoka ukutani. Kiplangat alifunga daftari la vipimo, akalitia ndani ya mkoba pamoja na lile la Kipketer.

"Nikiyaandika haya, utatia sahihi?" aliuliza.

"Nitatia."

"Utakwenda jela. Si kitanzi. Uzembe, na kiapo cha uongo."

"Miaka mingapi?" Akeyo ndiye aliyeuliza.

"Sijui, mama. Sitaki kukudanganya. Na wewe pia utaulizwa juu ya ile pini."

"Niulizwe." Alisimama, akaifunga picha kwa lile shuka, akafunga mafundo manne kwenye pembe nne, akapima kwa macho kama yamekaa sawa. Kisha akaingia ndani akatoka na sweta ya mwanawe. Obura aliipokea bila kuivaa. Mama alimshika shavu, mara moja tu, kwa kiganja chenye doa jeusi la herufi za kinyozi, akarudi chini ya kipaa chake, akaupa ua mgongo. Walipotoka alikuwa bado amesimama hivyo.

Walitembea kuelekea mjini, Obura akiibeba picha kwa sababu Kiplangat hakutaka kumfunga pingu njiani. Watu waliokuwa wakirudi kutoka kazini waliwapisha, wakidhani ni fundi anayempelekea afisa mzigo wake.

Seng'engeni, Mugure alikuwa anajiandaa kuondoka kabla ya saa za marufuku ya kutembea usiku. Obura alisimama mbele yake na ile picha kubwa mikononi.

"Shemeji," alisema.

Mugure alimtazama yeye, akamtazama Kiplangat, akayaelewa yote bila kuambiwa. Aliokota sufuria yake tupu, akaondoka akiwa hajasema neno. Hatua chache mbele alisimama, akashika nguzo ya ua kwa mkono mmoja, mabega yakitikisika, kisha akaendelea.

*

Supritendi alikuwa ameondoka kwenda kupumzika mwisho wa wiki shambani kwa rafiki zake. Bila sahihi yake, Ngigi hangeweza kutoka mpaka Jumatatu. Kiplangat alipiga simu mara tatu, akaambiwa mara tatu kwamba Bwana hayuko. Aliandika maelezo ya Obura, kurasa sita, akamsomea, na Obura akatia sahihi. Kwenye faili la Ngigi alitafuta ukurasa wenye lile neno *Haaminiki*, akalikata kwa mstari mmoja, akaandika kando tarehe na jina lake.

Kisha alikwenda selo ya kwanza, akamwambia Kipketer afungue.

Ngigi alikuwa ameketi juu ya blanketi lililokunjwa. Alikuwa amekonda sana, na ndevu zilikuwa zimeota bila mpango. Alisimama, maana alishazoea kusimama akiwaona.

"Obura amesema ukweli," Kiplangat alimwambia. "Pini haikutiwa. Maelezo yako yalikuwa sawa tangu mwanzo. Utatoka Jumatatu."

Ngigi alimsikiliza mpaka mwisho. Aliketi tena, taratibu, kama aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika.

"Nilikwambia wewe," alisema. "Wewe mwenyewe. Ulikuwa umekaa hapo."

"Uliniambia."

"Nilikwambia polepole kusudi uandike vizuri."

"Niliandika. Sikuamini. Kosa ni langu, na nimeliandika kwenye faili kwamba ni langu."

Ngigi alitikisa kichwa, na haikujulikana kama alikuwa akikubali au akikataa. Alilia kidogo, bila sauti, akaacha machozi yashuke bila kuyafuta. Kiplangat hakuondoka. Kipketer alitazama sakafu.

"Yuko wapi?" Ngigi aliuliza baadaye.

"Obura? Selo ya pili."

"Mwambie sijamsamehe."

"Nitamwambia."

"Mwambie pengine sitamsamehe. Mwambie siku arobaini, kila asubuhi nilikuwa nangoja aje."

"Nitamwambia yote."

Kiplangat alikuwa amekwisha kugeuka, na Kipketer ameshika mlango, waliposikia Ngigi akiinuka. Alikuwa amelitwaa lile blanketi alilokuwa amelikalia, akalikung'uta mara moja, akalinyoosha kuelekea mlangoni huku akitazama pembeni.

"Mpelekee hili," alisema. "Walinilaza huko wiki ya kwanza. Sakafu ya selo ya pili inatoa maji."